Hazina Kuu na Bendi ya Nne

Kama wewe umeajiriwa, naye mkeo amejiajiri, sogeza kiti karibu, maana ugonjwa wetu ni mmoja. Mshahara wangu wa ualimu unajulikana na kila mtu. Mwajiri anaujua, Sacco inaujua, mwenye duka la mbolea anaujua, na kitinda mimba wangu wa gredi ya nne anaweza kukutajia makato yote kwa mpangilio, kuanzia kodi hadi bima ya afya. Lakini kipato cha mke wangu hakuna binadamu anayekijua. Ananunua ndengu kwa wakulima, anaziweka, anaziuza. Anauza lini, kwa nani, gorogoro ni pesa ngapi, hayo hayanihusu. Nikiuliza naambiwa, “Aa, Mwalimu, ni hela za chumvi tu.” Basi nami kwa miaka yote ya ndoa nimeamini naishi na mama wa hela za chumvi.

Nyumbani kwetu watu wana vyeo. Mke wangu ni Hazina Kuu, kwa sababu pesa ikiingia kwake haitoki bila kikao. Mama yangu, ambaye watoto wanamwita Susu, ni Spika: yeye ndiye anayeamua nani aongee na nani anyamaze, na mimi kwa kawaida niko kundi la pili. Kitinda mimba ni Redio. Mwachie siri asubuhi, jioni utaikuta sokoni. Kifungua mimba, msichana, ni Wakili tangu alipokuwa mdogo kabisa, siku aliponiuliza ni sheria gani inayosema paja la kuku ni la baba. Mpaka leo naitafuta hiyo sheria, na paja amelichukua yeye. Mimi sina cheo. Naitwa Mwalimu tu, hata na mbuzi wangu wangeniita hivyo kama wangejaliwa kusema.

Wakili alifanya KCSE mwaka 2023 akapata alama za kwenda chuo kikuu. Tukachinja, tukaita jamaa, Spika akaimba. Nafasi zilipotolewa, akapangiwa kozi ya kilimo katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, yaani SEKU, lililokuwa chaguo lake la mwisho, alilolijaza kwa sababu nafasi ilikuwa wazi kwenye fomu. Wewe usiyepajua kwetu hutaelewa kilio kilichofuata. Sisi ni wa Kwa Vonza, na kampasi kuu ya SEKU iko hapa hapa Kwa Vonza. Watoto wa watu wanapanda mabasi kutoka Busia na Kilifi kuja kusoma kwetu, na wangu, aliyeota kuvuka mto na kuona taa za Nairobi, atakuwa anaenda mhadhara kwa bodaboda na kurudi kula muthokoi wa nyumbani.

Spika peke yake ndiye aliyefurahi. Chuo hicho kilipewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, na tangu 2008 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini kabla ya hapo palikuwa na Ukamba Agricultural Institute, na Spika hajawahi kukiita jina jingine isipokuwa UKAI. Anadai alikichangia kwenye harambee. Alitoa jogoo, mwekundu, mwenye mkia wa kijani, na kila akisimulia jogoo huyo anaongezeka kilo. Kwa hivyo haelewi kwa nini mjukuu wake atozwe karo pale.

“Waandikie kuhusu jogoo,” aliniambia.

“Mwaitu, fomu haina mahali pa jogoo.”

“Basi hiyo fomu ni mbovu.”

Fomu yenyewe, ya kuomba ufadhili na mkopo wa masomo, ndiyo iliyonileta kwako leo. Mpango huu wa kufadhili vyuo vikuu ulitangazwa na Rais Ruto Mei 2023. Zamani serikali ilipeleka fedha chuoni kulingana na idadi ya wanafunzi na kozi zao, siku hizi fedha zinamfuata mwanafunzi, na kabla hazijamfuata wanapima kwao kukoje. Gharama ya kozi inakatwa vipande vitatu. Kuna ufadhili wa serikali, ambao haurudishwi, unaotoka kwa Mfuko wa Vyuo Vikuu. Kuna mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unaolipwa pamoja na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kisha kuna kipande cha nyumbani, na hapo ndipo baba watu tunapoanza kukohoa. Mwaka 2024 makundi ya kipato, yaani bendi, yakawa matano. Kaya yenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi ilikuwa ya kwanza: ufadhili asilimia 70, mkopo 25, nyumbani 5. Iliyopata zaidi ya 120,000 ilikuwa ya tano, na hao nyumbani walitoa 40. Mimi nilituona tumekaa vizuri katika bendi ya tatu, iliyoishia kipato cha 70,000, ufadhili asilimia 50, mkopo 30, nyumbani 20. Nilipiga hesabu hiyo nyuma ya daftari la mahudhurio, nikaifunga, nikalala usingizi mnono.

Kisha akaja Bumu.

Bumu ni shemeji yangu, kaka wa Hazina, na jina lake limetokana na zile pesa za mkopo ambazo wanafunzi wa miaka ya tisini walizishangilia kwa jina hilo. Bodi ya HELB iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, naye aliingia chuo kikuu muda mfupi baadaye, na ukimsikiliza utadhani bodi iliundwa ili yeye apate viatu. Karo ya serikali enzi hizo ilikuwa 16,000 kwa mwaka na mkopo ulikuwa mkubwa kuliko hapo, kwa hivyo kijana aliyetoka kwao na nauli ya kwenda tu akajikuta ameshika maelfu. Alinunua redio ya kaseti yenye spika mbili (za muziki, si mama yangu) zilizomzidi kimo mdogo wake. Alirudi likizo na rafiki ambaye kazi yake ilikuwa kubeba spika ya pili. Redio hiyo ya kaseti iliibwa mapema, deni likabaki likimfuata kazini mpaka nywele zikaanza kumtoka. Spika, wa kwetu, humkumbusha kwamba kabla ya 1974, serikali ilipoanza kukopesha, waliomtangulia walisomeshwa bure na walirudi nyumbani na vitabu.

Mtu huyo ndiye aliyejiteua mshauri wetu wa umaskini. “Shemeji,” alinieleza huku akijimiminia chai yangu, “umaskini hauandikwi, unaonyeshwa. Watakuja kuangalia. Na wasipokuja, wana setilaiti.” Akaagiza pikipiki ikaegeshwe kwa jirani. Tangi la maji likafunikwa turubai na matawi ya mwarobaini. Paneli ya sola ikashushwa juu ya bati, ikaondoka na mkokoteni chini ya magunia. Televisheni yetu ilihamia kwake kwa usalama, na mpaka ninavyoandika iko salama huko. Hazina alilitazama zoezi lote akiwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, hasemi neno. Mwanamke anayepigania kijiko kikikosekana kimoja! Aliniambia tu kwamba paneli ataitafutia yeye mahali pazuri.

Spika aliposikia tunajifanya maskini, aliomba kikao cha dharura. Je, babu yao hakuwa na ng'ombe? Je, yeye mwenyewe si yule aliyetoa jogoo? Alikataa kuvaa leso kuukuu. Alitoa gauni lake la kanisani, lile la Umoja wa Akina Mama, akavaa na viatu, akakaa uani akisubiri serikali.

Basi siku moja akaja kijana mwenye mkoba na pikipiki. Sisi tukajikunyata kama tulivyofundishwa. Bumu akaanza kukohoa. Kabla sijafungua mdomo, Spika alishamkaribisha mgeni kitini na kumweleza kwamba mbuzi wetu ni wengi hatuwezi kuwahesabu, kwamba shamba letu linaenda mpaka huko, na mkono wake ukaonyesha Uwanda wa Yatta wote, na kwamba mwanawe ni mwalimu mwenye pesilipu. Kijana alisikiliza akafurahi sana. Alikuwa anauza sola kwa malipo ya polepole, na alikuwa amesimama kwetu kwa sababu ndiyo nyumba pekee ya mabati mazuri isiyo na paneli. Ilibidi Hazina amweleze kwamba paneli tunayo, ila imesafiri.

Wakili alichukua simu yake akasema imetosha, kwamba fomu inajazwa kwa ukweli, na kwamba yeye hatakwenda chuo kwa kukohoa kwa mjomba. Alitafuta kitambulisho changu, cha mama yake, cheti chake cha kuzaliwa ambacho Redio alikuwa amekitumia kufunikia daftari, namba zake za mitihani yote miwili, ya msingi na ya sekondari. Kisha akatuhoji mmoja mmoja. Mimi nilihojiwa uani, mbele ya watu, na Redio akanisaidia kukumbuka mkopo wa Sacco. Hazina alihojiwa chumbani, mlango umefungwa. Redio alibandika sikio kwenye tundu la kitasa mpaka likawa jekundu, lakini mama yake anamjua aliyemzaa: alinong'ona mwanzo hadi mwisho. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema, Redio hakuwa na taarifa ya habari.

Majibu yalipotoka, Wakili aliyasoma mezani kwa sauti ya mahakamani. Bendi ya nne. Ufadhili asilimia 40, mkopo 30, nyumbani 30, na mkopo wa kujikimu 45,000 kwa mwaka.

Bumu alipiga meza. Spika alipiga kigelegele, maana kwake ilikuwa heshima, tungepewa na ya tano kama wangemuuliza yeye. Mimi nilinyamaza, kwa sababu kichwani nilikuwa natoa. Pesilipu yangu, kabla ya makato, haifiki elfu hamsini. Bendi ya tatu inafika elfu sabini. Ukitoa moja kwenye nyingine unabaki na nini, mwenzangu? Unabaki na chumvi ya zaidi ya elfu ishirini kwa mwezi. Hiyo chumvi mtu akiila yote Jumapili, Jumanne tunamzika.

Nikakumbuka mengi usiku huo. Nikakumbuka beberu niliyemuuza ili “kuinua mtaji wa ndengu”. Nikakumbuka michango ya chama niliyomkopesha Hazina mwisho wa mwezi, akiwa amekunja uso. Nikageuka upande wake kitandani.

“Mama Wakili, hii bendi ya nne imetoka wapi?”

“Mwalimu, hawaangalii kipato peke yake,” alinijibu, na ilionekana wazi alikuwa amelisubiri swali. “Wanaangalia historia ya wazazi. Wanaangalia ukubwa wa kaya. Wanaangalia eneo mnakotoka, kozi, kama kuna ulemavu. Huenda wamekuona una elimu nyingi.”

Na akalala. Asubuhi nikamwendea Wakili faraghani, nikamwambia mimi ni baba yake. Alikubali kwamba mimi ni baba yake, akaongeza kwamba taarifa za mteja hazifichuliwi.

Sasa elewa hesabu ya asilimia 30: kila laki moja ya kozi, elfu thelathini inatafutwa jikoni kwenu. Spika aliitisha kikao cha kuzitafuta. Swali la kwanza lilikuwa, mkuu wa kaya ni nani, na macho yote yakanielekea kwa umoja ambao haujawahi kuonekana tunapochagua wa kuishika rimoti. Nikaulizia kwa adabu kama bendi hii haikuchangiwa na watu wawili. Hazina alisema ndengu zimeharibiwa na wadudu mwaka huu. Wadudu hao wamekuwa wakila ndengu zetu kila muhula unapofunguliwa, na likizo wanapumzika.

Nikaenda kuomba basari. Tangu CDF, mfuko wa maeneo bunge uliokuja kuitwa NG-CDF, ianze mwaka 2003, mzazi wa Kenya ana shahada ya pili ya kupanga foleni, na kwetu foleni ya sahihi ya chifu ndiyo mahali pa kuwajua majirani. Nilimkuta mzee mmoja mwenye lori la mchanga, ameliegesha mbali akaja kwa miguu, amevaa koti lililochanika bega moja kwa makusudi. Tuliamkuana bila kutazamana. Basari ilitoka, ndogo, lakini ilitoka. Kwa zilizobaki nikarudi Sacco, ambako nadhani wanalijua hata jina la mbuzi wangu.

Wakili akaanza masomo Septemba akitokea nyumbani, na hapo mkopo wake wa kujikimu ukawa na wapangaji wengi. Spika alitaka godoro jipya, kwa sababu ya jogoo. Redio alitaka baiskeli. Bumu alikuja na daftari lenye mchoro wa zizi, akataka aazimwe kidogo anunue ndama, faida watagawana. Wakili aliwasikiliza wote kwa upole. Kisha akawaeleza kwamba ni mkopo wa kujikimu, anayejikimu ni yeye, na mwaka mmoja baada ya kuhitimu HELB itamdai yeye, si ndama. Bumu aliondoka akiwa ameshikilia kichwa. Alisema watoto wa siku hizi hawana moyo wa kuthubutu.

Alirudi Desemba akipunga gazeti toka barabarani. Tarehe 20 Desemba 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alikuwa ameamua kwamba mpango ule wa ufadhili unakwenda kinyume cha Katiba, kwa sababu ulikuwa wa kibaguzi na wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. “Bendi zimekufa!” Bumu alipaza sauti, na akapendekeza mbuzi wangu mmoja azifuate. Serikali ilikata rufaa, na mambo hayo yana wanasheria wake wa kulipwa. Langu lilikuwa dogo zaidi. Jaji alifuta bendi, lakini nyuma ya daftari langu la mahudhurio ile elfu ishirini na zaidi ilikuwa ingali imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Nilidhani sasa nitaiuliza vizuri. Hazina alinitangulia akiwa anachambua mchele wa Krismasi.

“Umesikia, Mwalimu? Hata jaji amesema zile bendi hazikuwa za haki.”

Mwenzangu, umewahi kushindwa na mkeo akisaidiwa na Mahakama Kuu? Nilikwenda kuwafungia mbuzi.

Januari Wakili akatangaza kwamba anahamia chumba karibu na lango la chuo. Redio anapiga kelele, Spika anakuja kumwamsha saa kumi usiku kwa maombi, na mjomba anakuja kila Ijumaa na mchoro mpya. Nilisimama kupinga. Kuna mantiki gani kulipa kodi mwendo mfupi kutoka kwa kitanda chako? Nikategemea Hazina aniunge mkono, yeye ambaye hukata sabuni vipande vinne. Aliunga mkono hoja ya Wakili kabla haijamalizika. Mtoto anahitaji kujitegemea, alisema. Tena kuna ploti moja mpya, safi, maji yapo, yeye ameisikia sokoni.

Tukafunga godoro kwenye bodaboda, mimi nikafuata na sufuria. Ploti ilikuwa nzuri kweli. Vyumba vimepangana safu mbili, rangi ya krimu, maua kwenye makopo ya rangi, tangi kubwa halijafunikwa turubai. Juu ya bati kulikuwa na paneli ya sola, na kwenye kona ya paneli kulikuwa na alama ya kiganja kidogo cha rangi ya samawati, ambayo nilijua ni kiganja cha nani kilichoiweka, kwa sababu ndimi niliyemchapa siku hiyo. Wakili alikuwa anashughulika sana na kamba za godoro, hageuki.

Msimamizi, kijana mwenye heshima, akanipa funguo kwa mikono miwili. Kodi ya mwezi na dipoziti ya mwezi, Mwalimu, tuma kwa namba ya mama mwenye nyumba. Akanisomea namba nisiyoijua. Nikaiingiza, nikaweka kiasi, na M-Pesa, kabla haijanikubalia, ikaniuliza kama kweli nataka kumtumia pesa mtu huyu, ikaniandikia majina yake yote matatu, yale ninayoyaona tu nikifungua cheti chetu cha ndoa.

“Kuna punguzo kwa jamaa?” nilimuuliza kijana.

“Hapana, Mwalimu. Mama amesema hasa jamaa.”

Nikatuma. Haikupita dakika, ujumbe ukaingia kutoka ile namba: “Imefika, asante. Bado mia mbili za maji.”

Nikatuma na hizo.